Petroli Isiyofika kwa Nguvu: Kuipima Presha Kabla ya Kununua Pampu

Motokaa nyingi zinazotembea leo katika Afrika Mashariki hazina kabureta. Petroli hunyunyizwa ndani ya injini kwa nozeli ndogo zinazofunguliwa na kufungwa kwa umeme, na kompyuta ya gari ndiyo inayokadiria muda wa kila ufunguzi. Walakini kompyuta hiyo, katika magari mengi ya kawaida, haina chombo cha kuipima presha ya petroli. Huamini tu ya kwamba petroli iko mlangoni kwa nguvu iliyoagizwa na watengenezaji. Nguvu hiyo ikipungua, nozeli hufunguka kwa muda ule ule uliokadiriwa, lakini petroli inayopita huwa kidogo, na injini hupata hewa nyingi kuliko mafuta.

Dalili zake zajulikana na madereva wote. Gari huwa gumu kuwaka asubuhi. Likipanda mlima hukosa nguvu, na kadiri linavyokanyagwa ndivyo linavyozidi kushtuka-shtuka kama mtu mwenye kwikwi. Pengine huzimika njia panda, kisha huwaka tena baada ya kupumzishwa. Pengine taa ya injini huwaka kwenye dashibodi, na mashine ya kusoma makosa ikiunganishwa huonyesha namba P0171, yaani mchanganyiko una hewa nyingi mno. Mwenye gari hupeleka dalili hizi kwa fundi, na aghalabu hukumu hutolewa papo hapo: pampu imekufa, inunuliwe nyingine.

Hukumu hiyo mara nyingi si ya haki. Presha ndogo ni dalili tu, kama homa ilivyo dalili kwa mwanadamu, na mambo yanayoweza kuileta ni mengi: waya uliooza, chujio lililoziba, kifuniko cha tangi kisichopitisha hewa, regyuleta inayovuja, au kweli pampu yenyewe. Katika hayo yote pampu ndicho kitu cha bei kubwa, nayo ndiyo hushtakiwa kwanza. Baada ya kuilipia, mwenye gari huona ugonjwa ule ule ukirudi kwa wiki mbili, na fedha ya karo au ya mbolea imekwisha kwenda.

MFANO WA ELDORET

Mfano mzuri ni gari la mtu akaaye katika mtaa wa West Indies, mjini Eldoret. Tuseme ni Toyota ndogo iliyonunuliwa imekwisha kutumika Japani. Asubuhi za mwezi wa Julai, baridi ikiwa kali, gari hilo huzungushwa mara tatu au nne ndipo liwake. Katikati ya mji halina taabu yoyote. Lakini likipakia watu watano na kushika njia ya Iten, ambako nchi huinuka hadi kufika karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, hupoteza nguvu na kushtuka.

Katika nchi kama hiyo hapana budi kuliondoa kwanza jambo moja ambalo si ugonjwa. Eldoret iko kiasi cha mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano. Injini isiyo na taboo huvuta hewa hiyo pungufu, na kwa hiyo nguvu zake hupungua kwa kiasi hicho hicho. Timboroa, kwenye njia kuu ya Nakuru, huzidi mita 2,700, na huko hasara hupita robo. Basi dereva atokaye pwani na kufika Eldoret mara ya kwanza akiona gari lake limekuwa zito, asikimbilie kwa fundi wa pampu. Uzito unaoletwa na hewa nyepesi huja polepole na kukaa pale pale. Hauleti kushtuka, haulizimi gari, wala haulifanyi liwe gumu kuwaka. Gari la West Indies ni jambo lingine, kwa maana limezoea hewa ya huko tangu siku lilipofika, nalo limebadilika.

PRESHA NI NINI

Kulielewa jambo hili si kugumu kwa watu wa Uasin Gishu. Petroli inayouzwa katika vituo vya Eldoret husafiri kwa bomba la Kampuni ya Bomba la Mafuta ya Kenya. Bomba la kwanza, kutoka Mombasa hadi Nairobi, lilianza kazi mwaka 1978, na mwaka 1994 likaendelezwa mpaka Nakuru, Eldoret na Kisumu. Petroli haipandi mlima kwa hiari yake. Njiani mna vituo vyenye pampu kubwa ambazo huisukuma kutoka usawa wa bahari mpaka nchi za juu. Kituo kimoja kikilegea, au bomba likiziba mahali, au likivuja, mafuta hufika machache, ijapokuwa bohari ya Mombasa imejaa tele.

Chini ya gari mna bomba la namna hiyo hiyo, dogo tu. Pampu ya umeme hukaa ndani ya tangi, ikizungukwa na petroli. Mdomoni pake pana chujio laini kama soksi. Petroli husukumwa kupita katika chujio kuu, ambalo mafundi huliita filta, kisha hupita chini ya gari hadi kwenye bomba fupi juu ya injini ambamo nozeli zimechomekwa. Mahali fulani katika safari hiyo pana regyuleta, yaani kidude chenye springi ambacho huruhusu petroli iliyozidi irudi tangini ili presha isipande kupita kiasi. Magari ya zamani kidogo huwa na regyuleta karibu na injini na bomba la pili la kurudisha petroli. Magari ya karibuni mengi huwa nayo ndani ya tangi, pamoja na pampu, na bomba huwa moja tu. Tofauti hii yafaa kukumbukwa, kwa kuwa itaamua ni vipimo gani vinavyowezekana.

Nguvu yenyewe huhesabiwa kwa pauni kwa kila inchi ya mraba, au kwa kipimo kiitwacho bar. Bar moja ni pauni 14.5. Magari mengi yenye nozeli za kawaida hutaka baina ya bar 3 na 4. Injini ndogo ya Toyota iitwayo 1NZ-FE, iliyomo katika Probox nyingi zinazobeba abiria na mizigo, hutaka pauni 44 hadi 50. Magari ya kabureta, kama Peugeot 404 waliyokuwa nayo wazee, yalitosheka na pauni chache tu. Ndiyo maana fundi wa siku zile aliweza kulegeza bomba kwa spana, akatazama petroli ikitoka, akasema pampu ni nzima. Kwa gari la leo desturi hiyo haifai kabisa. Kwanza, jicho haliwezi kupambanua pauni 25 na pauni 45. Zote mbili hutoka kwa kishindo. Pili, petroli yenye nguvu hiyo huruka na kuenea juu ya injini iliyo moto.

VIPIMO VISIVYOHITAJI KUFUNGUA BOMBA

Kazi na ianze kwa mambo ya bure. Geji ya petroli kwenye dashibodi huweza kusema uongo, hivyo lita tano zitiwe ili shaka iondoke. Petroli yenyewe itazamwe: kiasi kidogo kitiwe katika chupa safi ya kioo na kuachwa kitulie. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yakiwamo yatakaa chini yakionekana wazi, na takataka vivyo hivyo. Mafuta ya taa yaliyochanganywa hayaonekani kwa njia hii. Hayo hulidhoofisha gari na kulitoza moshi hata presha ikiwa kamili, na ni kwa ajili ya udanganyifu huo kwamba Serikali ya Kenya iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018, ili wauzaji wasipate faida ya kuyachanganya.

Kisha kifuniko cha tangi. Petroli ikitoka tangini, hewa lazima iingie mahali pake. Njia ya hewa ikiziba, pampu huvuta dhidi ya ombwe na hushindwa. Gari likianza kudhoofika njiani, dereva alisimamishe mahali pa salama, afungue kifuniko na kusikiliza. Sauti kubwa ya hewa ikivutwa ndani, na gari likipona kwa muda, jibu limepatikana, nalo halina uhusiano na pampu. Sauti ndogo peke yake haina maana. Matangi mengi hufanya hivyo.

Hatua ifuatayo ni kuisikiliza pampu. Mtu mmoja akae karibu na kiti cha nyuma, mwingine afungue swichi bila kuiwasha injini. Katika magari mengi mlio mwembamba husikika kwa sekunde mbili hivi, kisha hukoma. Si magari yote hufanya hivyo, na hapa mafundi wengi hudanganyika: katika baadhi ya Toyota pampu haianzi mpaka injini izungushwe na stata, na kimya chake wakati swichi inapofunguliwa si ugonjwa. Pampu isiposikika hata injini inapozungushwa, fyuzi yake itazamwe, na rilei yake ibadilishwe kwa muda na nyingine ya namna ile ile kutoka katika kisanduku kile kile, kama ile ya honi. Rilei ikiwa ndiyo mbaya, kazi imekwisha kwa gharama ndogo.

Mlio ukisikika, watu husema pampu ni nzima. Hilo nalo si kweli. Pampu huweza kulia na isisukume ipasavyo.

UMEME UNAOPOTEA NJIANI

Sehemu hii ndiyo inayorukwa mara nyingi kuliko zote, nayo ndiyo huokoa fedha nyingi kuliko zote. Pampu huzunguka kwa kadiri ya umeme inaoupata. Injini inapowaka, altaneta hutoa kiasi cha volti 13.5 hadi 14.5. Umeme huo hupita katika fyuzi, rilei, viungo kadhaa na waya mrefu mpaka nyuma ya gari, kisha hurudi kwa waya wa athi, yaani ule uliofungwa kwa msumari kwenye bodi ya chuma. Kila kiungo kilichoshika kutu hula sehemu ya volti. Pampu ipatayo volti 10 tu huzunguka polepole, hulia kama kawaida, na presha yake hushuka hasa injini inapotaka petroli nyingi.

Fundi mwenye mita ya umeme hulijua hilo kwa dakika chache. Gari likiwa linawaka, vidole vya mita huguswa nyuma ya kiungo cha pampu bila kukichomoa, na hesabu hulinganishwa na ile ya betri. Tofauti ikiwa nusu volti, hapana neno. Ikizidi volti moja na nusu au mbili, kosa litafutwe katika waya. Mita ikiwekwa kidole kimoja kwenye waya wa athi wa pampu na kingine kwenye ncha hasi ya betri, isionyeshe zaidi ya nusu volti; ikizidi, athi ni mbovu, na dawa yake ni msasa na kukaza msumari. Lazima kipimo kifanywe pampu inapofanya kazi. Waya uliokatika nyuzi nyingi na kubaki wawili watatu huonyesha volti kamili ukiwa haujabebeshwa mzigo, kama vile daraja bovu lionekanavyo zima hadi lori lifike. Magari machache yametengenezwa makusudi kuiendesha pampu polepole injini inapopumzika, na kwa hayo kitabu cha gari kifuatwe.

Katika nchi ya mvua na matope kama Uasin Gishu, magari yaliyokaa miaka mingi huwa na kutu chini ya mazulia na chini ya kiti cha nyuma, hasa yale ambayo mlango umewahi kuvuja. Pampu ngapi nzima zimetupwa kwa sababu ya msumari mmoja wenye kutu hakuna awezaye kuhesabu.

KUFUNGA GEJI

Kama umeme ni kamili, geji ya presha haiepukiki. Si lazima kila gereji ya jua kali iwe na yake. Mafundi jirani huweza kununua moja kwa shirika, nayo huwatumikia miaka mingi.

Kabla ya kugusa bomba, moto uwe mbali. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini, hufika kwenye jiko la chai au kwenye mashine ya kuchomelea iliyo hatua kadhaa, na moto hurudi kwa njia ile ile. Wakazi wa njia kuu ya Nakuru na Eldoret hawajasahau Sachang'wan, ambako tarehe 31 Januari 2009 lori la petroli lilipinduka na moto wake ukaua watu zaidi ya 100. Petroli ya gari moja ni kidogo kwa kulinganisha, lakini yatosha kuteketeza gereji na aliyemo. Kazi ifanyike nje penye upepo, chombo cha kuzimia moto kiwe karibu, na asiwepo mvuta sigara. Wala petroli isivutwe kwa kinywa kupitia mpira kama ilivyozoeleka. Ikiingia mapafuni huweza kuua.

Presha iliyomo bombani huondolewa hivi: fyuzi au rilei ya pampu huchomolewa, injini huwashwa na kuachwa mpaka izimike yenyewe kwa kukosa mafuta. Kifuniko cha tangi hufunguliwa, ncha hasi ya betri hutolewa, na kitambaa huzungushwa kwenye kiungo kabla hakijafunguliwa, kwa kuwa petroli kidogo husalia. Baadhi ya magari yana mdomo wa kupimia uliotengenezwa tayari, unaofanana na vali ya tairi. Mengi ya Kijapani hayana, na geji hufungwa kwa kiungo cha njia tatu baina ya bomba na reli ya nozeli. Vibano vikazwe, betri irudishwe, pampu iendeshwe kidogo, na kila kiungo kitazamwe kama kinavuja kabla injini haijawashwa.

Mambo haya yote ni ya magari ya petroli yenye nozeli za kawaida. Injini za dizeli za siku hizi, na zile za petroli ambazo hunyunyiza moja kwa moja ndani ya silinda, zina pampu ya pili yenye nguvu kubwa mno. Katika dizeli nguvu hiyo hupita bar 1,000, na uzi mwembamba wa mafuta utokao kwenye mpasuko huweza kutoboa ngozi ya mkono. Hizo ziachiwe wenye vyombo vyake.

GEJI INASEMA NINI

Hesabu husomwa mara nne: injini inapozungushwa, inaponguruma polepole bila kukanyagwa, inapofanyishwa kazi, na baada ya kuzimwa.

Sindano isipoinuka kabisa, na umeme umekwisha kuthibitishwa kuwa unafika, basi pampu imekufa, au mpira mfupi unaoiunganisha ndani ya tangi umechomoka. Mpira huo haukumbukwi na wengi, lakini hupasuka, na petroli huzunguka tu ndani ya tangi.

Sindano ikisimama pahali pa chini wakati wote, kwa mfano pauni 30 mahali pa 46, kuna mambo mawili: ama petroli haifiki ya kutosha, ama inafika na regyuleta inaiachia yote irudi. Gari likiwa na bomba la kurudisha lenye mpira, mpira huo hubanwa kwa upole kwa sekunde moja au mbili huku jicho likiwa kwenye geji. Presha ikiruka juu mara moja, pampu haina hatia. Regyuleta ndiyo yenye makosa. Isipopanda, lawama hurudi kwenye pampu au machujio. Mpira usibanwe kwa muda mrefu, maana pampu nzima huweza kuipandisha presha hata ikapasua kiungo. Kwa gari lenye bomba moja kipimo hiki hakiwezekani. Regyuleta ya tangini huchunguzwa pamoja na pampu inapotolewa.

Regyuleta ya karibu na injini huwa na mpira mwembamba unaoiunganisha na njia ya hewa ya injini. Mpira huo ukichomolewa, ndani usiwe na harufu wala tone la petroli. Likiwapo, ngozi ya regyuleta imetoboka. Tena, ukichomolewa injini ikinguruma polepole, sindano inapaswa kupanda. Vitabu vilivyoandikwa kwa nchi za usawa wa bahari hutaja kupanda kwa pauni 8 hadi 10. Eldoret kupanda huko huwa pauni 6 au 7 tu, kwa sababu hewa ya nje yenyewe ni nyepesi, na fundi anayefuata kitabu neno kwa neno angeweza kuitupa regyuleta nzima.

Jibu la tatu ndilo lenye kufundisha zaidi, nalo lalingana na gari la West Indies. Injini ikinguruma polepole, sindano yasimama sawasawa. Gari likipelekwa njia ya Iten, geji ikiwa imefungwa kwa usalama mahali ambapo abiria wa mbele huweza kuisoma kupitia kioo, sindano hushuka kadiri mlima unavyozidi. Hii maana yake presha inapatikana petroli inapotakiwa kidogo, lakini wingi wake hautoshi inapotakiwa nyingi. Chujio lililoziba hufanya hivyo hasa. Pampu iliyochoka hufanya hivyo pia. Ili kuzitenga, chujio kuu hubadilishwa kwanza kama liko nje ya tangi, kwa kuwa ni la bei ndogo na pengine limepita muda wake. Chujio la zamani likigeuzwa na petroli yake kumwagwa katika sahani nyeupe, rangi ya kahawia na chembe za kutu husimulia hali ya tangi. Presha ikibaki kushuka, pampu hutolewa ili soksi yake ionekane. Soksi nyeusi yenye utando ni kosa. Pampu yenye soksi safi, umeme kamili na chujio jipya, na bado haisukumi, hiyo ndiyo sasa imehukumiwa kwa haki.

Yafaa kukumbuka hapa namba ile P0171. Huweza kuletwa pia na hewa inayoingia mahali palipopasuka baada ya chombo cha kuipima, au na chombo hicho kuwa kichafu. Kwa kawaida mpasuko wa hewa huisumbua injini zaidi inaponguruma polepole, na taabu hupungua ikikanyagwa. Upungufu wa petroli ni kinyume chake.

Mwisho ni presha baada ya kuzima. Kwa Toyota nyingi kitabu huagiza sindano isishuke chini ya pauni 21 kwa muda wa dakika tano. Ikianguka mara moja, petroli inarudi tangini kwa vali ya pampu isiyoziba, au inapita kwenye regyuleta, au inadondoka ndani ya injini kwa nozeli inayovuja. Gari la namna hii huenda vizuri barabarani lakini huwaka kwa taabu asubuhi, kwa sababu pampu hulazimika kulijaza bomba upya. Nozeli inayovuja hujitambulisha kwa moshi mweusi na harufu ya petroli wakati wa kuwaka. Vali ya pampu haifanyi hivyo. Kwa hiyo gari la West Indies huweza kuwa na makosa mawili kwa pamoja, chujio lililoziba kwa mlima na vali iliyolegea kwa asubuhi, na yule atakayetibu moja tu atamwona mwenye gari akirudi.

PAMPU IKIWA NI LAZIMA KUNUNULIWA

Pampu hupozwa na petroli inayoizunguka na kupita ndani yake. Dereva wa teksi anunuaye petroli ya shilingi mia mbili mia mbili, akitembea siku nzima taa ya onyo ikiwaka, huiacha pampu katika joto na kuifanya inywe takataka za chini ya tangi. Robo ya tangi ibakiayo daima ni bima ya bei nafuu. Vilevile, pampu mpya isiwekwe katika tangi chafu. Tangi lioshwe, soksi iwe mpya, na chujio liwe jipya, ama sivyo pampu ya pili itakufa kama ya kwanza.

Katika magari mengi madogo mlango wa pampu uko chini ya kiti cha nyuma. Mduara wa mpira unaoziba mlango huo ubadilishwe, kwani wa zamani hutanuka kwa petroli na haukai tena sawasawa. Hesabu za geji ziandikwe kwenye karatasi na kuachwa ndani ya gari pamoja na tarehe, ili fundi atakayefuata ajue gari lilikuwaje lilipokuwa zima. Kisha tangi lijazwe, gari lizungushwe kwenye kona na mabonde, na kiti cha nyuma kiinuliwe tena kabla ya kukabidhiwa mwenyewe. Harufu ya petroli ikisikika hapo, hata kidogo, kazi bado haijakwisha.